Nilichoenda Kufanya Remba

Omondi nyathina, mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako kule sokoni, na najua hutarudi kabla ya giza kuingia. Sanduku lako limefungwa. Habari za shuka, za dawa ya malaria na za kutokuweka kitambulisho mfuko wa nyuma nimekwisha kukuambia, na uso wako ulionyesha kwamba umesikia vya kutosha, kwa hiyo sizirudii. Nimefunika cherehani, nimekaa hapa dirishani ambapo mwanga bado upo, nikujibu swali uliloniuliza mwaka juzi nikakudanganya.

Uliniuliza, "Mama, Remba ulienda kufanya nini?" Nikakuambia nilifuata omena. Ukakitazama kile kifuko cha samaki wadogo nilichorudi nacho, omena ya kupika siku mbili, na mtu hasafiri hadi kisiwa cha katikati ya ziwa kwa omena ya siku mbili. Ukanyamaza. Wewe ni mtu wa kunyamaza unapojua unadanganywa. Hiyo ni tabia ya baba yako.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Dholuo, kwa sababu mambo haya karibu yote yalitokea kwa Kiswahili, na nikiyageuza yatapoteza ladha yake.

Baba yako alipokuwa hai alicheza drafti kila Jumapili baada ya kanisa, yeye na wenzake, barazani pa duka la simenti. Vifuniko vya soda ndivyo vilivyokuwa kete. Mimi nilimpelekea chakula, nikasimama na sahani mkononi nikingoja amalize, na kwa kusimama huko nikajifunza mchezo. Siku moja niliona njia ambayo yeye hakuiona. Nikanyoosha kidole. Wanaume wakacheka, mmoja akasema, "Shemeji, ubao wako ni sufuria." Baba yako naye akacheka kidogo. Sikumchukia. Lakini kidole nilikirudisha, na sikuwahi kusogeza kete hata moja mpaka akafariki.

Kisha ukaenda bweni. Nyumba ikawa na mimi na cherehani. Likizo yako ya kwanza ukaniwekea ule mchezo kwenye simu yako ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, ukasema, "Mama, hapa unacheza na watu wa kweli, popote walipo." Ukaniuliza nijiite nani. Nilikuwa na sindano mdomoni, nikaitoa nikasema, "Andika Sindano."

Hukujua ulichonipa. Kule hakukuwa na shemeji wala sufuria. Nilisogeza kete, mtu asiyenijua akajibu. Nilipomshinda, hakuna aliyeuliza nani amemshinda. Wiki chache baadaye mmoja wa niliowashinda akaniingiza katika kundi lao la simu, Kete za Ziwa. Mwenye kundi alikuwa Mwita, mkulima wa mahindi na tumbaku wa Kegonga, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kuloa ziwani kupita magoti. Tulikuwa kama thelathini: Wakuria, Waluo, watu wa Migori na Homa Bay, wawili wa ng'ambo ya mpaka, Tarime. Ndiyo maana tulipatana kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Cha Mwita kilikuwa na Kikuria tele ndani. Changu unakijua.

Waliniita "ndugu Sindano", na mimi sikuwasahihisha. Mwaka mzima nilikuwa ndugu.

Mchezaji bora wa kundi alijiita Mizani. Tulijua tu kwamba yuko Remba na kwamba kazi yake ni kupima omena. Wengine walituma ujumbe wa sauti, wakatania, wakaimba hata nyimbo za kanisa. Mizani aliandika tu, maneno machache yenye adabu. Tukimaliza mchezo aliniandikia kosa langu lilikuwa wapi. "Kete ya pembeni uliisogeza mapema. Ingekulinda." Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kwa upole namna ile. Hata wewe ulipokuwa ukirudi likizo uliniambia nimepata rangi, nikasema ni mafuta mapya ya kujipaka. Hayakuwa mafuta.

Siku moja nilikuwa nabishana na mteja juu ya sketi. Kidole kikagusa pale pa kurekodi bila mimi kujua, na kundi zima likasikia sauti yangu ikisema, "Dada, sketi haikupungua. Kiuno ndicho kimeongezeka." Nilipoishika simu nilikuta maswali yamejaa. Sindano ni mwanamke? Mmoja akaandika kwamba kumbe tumekuwa tukipigwa na mpishi. Mwingine akasema ataondoka. Moyo wangu ulirudi pale barazani, sahani mkononi.

Mizani akaandika, "Amewashinda saba kati yenu. Kete haijui nani anayeisogeza."

Yakaisha. Mwita akanikaribisha upya kama Mama Omondi, na aliyesema ataondoka yupo mpaka leo.

Dani, yaani mama yangu, alipofariki, kundi zima lilinitumia pole, na Mwita alinipigia akaomba kwa Kikuria, sikuelewa neno ila nililia vizuri. Mizani hakupiga. Baada ya mazishi aliandika, "Leo tusicheze kushinda. Tucheze tu." Tulicheza alasiri nzima, mchezo mmoja baada ya mwingine, polepole. Kila nilipokosea alijifanya hakuona. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyumbani kwa dani, watu wakiingia na kutoka, na nilihisi kuna mtu amekaa kando yangu.

Sasa unajua alikuwa nani kwangu. Sikiliza nilichomfanyia.

Kila mwaka kundi letu lina shindano. Halina zawadi, ila mshindi anaweka picha anayotaka kuwa picha ya kundi mpaka shindano lijalo. Usicheke. Watu wazima tulikosa usingizi kwa picha ile. Mwaka huo nilifika fainali na Mizani, na nilikwisha kujitapa kwamba safari hii picha itakuwa ya cherehani yangu. Alinimaliza upesi mno. Alinipa kete mbili, nikazila kama kuku aliyetupiwa mtama, na yeye akala nne akapata kingi. Mbele ya kundi zima.

Wiki ileile watu walikuwa wakizungumza habari za wachezaji wanaotumia programu ya kompyuta kuwaambia wasogeze wapi. Mimi nikakaa na hasira yangu nikaanza kushona. Hajawahi kukosea kosa la kijinga. Anachukua muda uleule kila zamu. Hajawahi kusikika sauti. Nikaviunganisha kipande kwa kipande mpaka nikapata nguo inayomtosha.

Ulikuwa likizo ndefu. Ulikuwa unakunywa chai hapo mezani nilipokusomea nilichotaka kuandika. Ukasema, "Mama, una ushahidi?"

"Ushahidi ni macho yangu."

"Macho yako yana hasira."

Nikakuambia mtoto haongei hivyo na mama yake, ukachukua kikombe ukatoka nje. Nikaandika, "Mizani si mtu. Ni mashine."

Kundi likawaka. Waliokuwa wamepigwa naye kwa miaka walifurahi kupata sababu. Mwita, akitaka haki itendeke, akasema tupigiane simu ya kundi, Mizani atueleze kwa mdomo wake jinsi alivyofikiri katika ile fainali. Mizani akajibu, "Naomba niandike." Mwita akasema kuandika hata mashine inaandika. Mizani akarudia, "Tafadhali. Naomba niandike." Na mimi nikaweka, "Mashine haina mdomo."

Nimeiandika sentensi hiyo hapa ili uione ilivyo. Sikuweza kumsimulia mtu mwingine.

Alikuja kwenye ile simu. Tulikuwa watu kumi na kitu tukisikiliza. Tulisikia upepo, tukasikia pumzi ikivutwa, kisha silabi moja, "Ni," ikakatika, "ni, ni," ikakatika, kimya, pumzi tena. Mtu akasema, "Mtandao wa Remba umekula omena mbichi." Watu wakacheka. Mimi nilicheka, na unajua mimi nikicheka jirani anajua. Simu ya Mizani ikakatika. Baada ya dakika moja likatokea lile neno dogo kwamba ametoka kwenye kundi. Nikapewa ushindi. Nikaweka picha ya cherehani.

Wiki sita picha ile ilikaa pale. Nilicheza na wengine nikashinda, na sikusikia utamu. Nilijiambia ni uchovu.

Halafu siku moja nilikwenda sokoni hapa Migori kununua zipu na bitana. Kando yangu alisimama kijana wa kiume, mtu mzima, amevaa vizuri, anataka uzi. Akavuta pumzi. Pumzi ileile. Kisha akasema, "Na, na, na," na mwenye duka akamwambia, "Sema, kaka, watu wanangoja." Kijana akaonyesha uzi kwa kidole, akalipa, akaondoka.

Niliacha bitana juu ya meza ya yule mwenye duka nikaenda kusimama kando ya barabara. Haukuwa mtandao, Omondi.

Nilijaribu kumpigia Mizani palepale, simu yangu haikuingia. Alikuwa amenizuia. Nikampigia Mwita. Nikamwambia, "Mwita, ile siku ya simu, haukuwa mtandao. Yule mtu ana kigugumizi." Nikasikia ng'ombe huko alikokuwa. Kisha akasema, "Mama Omondi, na mimi nilicheka."

"Tufanye nini?"

"Mimi nina tumbaku ya kukausha wiki hii. Wewe uko karibu na maji. Nenda. Ukimwona, mwambie Mwita anaona haya."

Kitu kilichonila zaidi si kwamba nilimkosea mtu. Nimewakosea watu wengi, nikiwemo wewe. Ni kwamba mimi ndiye niliyesimamishwa na sahani. Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote kupata mahali ambapo hakuna anayeuliza sauti yako inafananaje. Na ni mimi niliyekwenda kumdai mwenzangu sauti. Nilikuwa nikidhani mtu aliyeonewa anajifunza huruma kwa kule kuonewa tu. Hapana. Anaweza kujifunza jinsi ya kuonea.

Ndipo nikaenda. Mbita nilipata boti ya abiria, nikakaa katikati ya masanduku ya soda, nikaogopa maji njia nzima. Remba ni mabati juu ya mwamba. Nyumba zimebanana hivi kwamba mmoja akikaanga pilipili, jirani ndiye anayepiga chafya. Omena imeanikwa kwenye nyavu kuukuu kila mahali palipo wazi. Nilimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akiigeuza, kama anamjua mtu wa mizani anayecheza drafti.

"Okeyo," akasema, akaelekeza kwa kidevu. Kisha akanitazama vizuri. "Unamtakia nini?"

"Kumwomba msamaha."

Akaendelea kugeuza omena. Alisema, "Basi usimmalizie maneno. Hapa sote tulikuwa tunamfanyia hivyo, mpaka akaacha kuongea."

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, kofia imepauka kwa jua, amesimama kando ya mizani ya kuning'iniza. Sote wawili ni Waluo, lakini nilianza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha tuliyojuana nayo. "Mimi ni Sindano," nikasema. "Nimetoka Migori."

Akaishusha ndoo aliyokuwa ameshika. Akavitazama viatu vyangu vilivyoloa. Akavuta pumzi, na midomo ikaanza kutafuta neno. "U," akasema. "U, u." Nilidhani najua linalokuja. Nilidhani ni "umefuata nini," na ulimi wangu ulikuwa tayari kumsaidia. Nikauma meno. Nilingoja, Omondi, kwa muda ambao ningeweza kupindia kola nzima. Neno likaja.

"Ulicheka?"

Ningemmalizia, lile swali nisingelisikia kamwe.

Nilikuwa na uongo karibu. Ningesema wengine ndio waliocheka. Nani angejua? Nikasema, "Nilicheka. Kuliko wote."

Akatikisa kichwa. "Ki, kicheko chako na, nakijua," akasema. Kisha akaonyesha watu waliokuwa wakingoja kupimiwa. "Subiri."

Nikasubiri mpaka saa sita ikapita. Yule mwanamke akanisukumia karai, akaniambia mtu haji Remba kukaa bure, nikachambua vijiwe na makombe kwenye omena yake huku nikijiambia kwamba pengine hili "subiri" ndilo jibu langu lote. Lakini kazi ilipopungua Okeyo alileta meza ndogo iliyochorwa ubao kwa msumari, na vifuniko vya soda, vyekundu na vya kijani. Akanipa vyekundu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika kete kwa vidole. Nilizisogeza vibaya, zikawa zinateleza. Alinipiga mara tatu. Na alipokuwa akifikiri, nilimsikia akijiambia hatua zake kwa sauti ya chini kabisa, kwa Dholuo, hii ikienda hapa, ile itajibu pale, mfululizo, bila kukwama hata mara moja. Kile tulichokuwa tumemlazimisha atueleze kilikuwa pale, kinatiririka, kwa masikio yake mwenyewe. Niliinamisha kichwa ili nisionekane nasikiliza.

Nilimwambia yote niliyokuja kusema, na salamu za Mwita. Akasikiliza. Hakusema amenisamehe. Alisema, kwa muda aliouhitaji, kwamba kundini harudi, ila mimi nikitaka kucheza naye atafungua simu. Akanipimia ile omena, akanisindikiza mpaka kwenye boti.

Ndiyo safari yenyewe. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umeniambia mapema, ukiwa na kikombe mkononi, na mama hapendi kukuta mtoto wake alikuwa sahihi kabla yake. Ulikuwa sahihi. Macho yangu yalikuwa na hasira. Nilipaswa kukuambia siku ileile niliyorudi.

Kundini niliandika habari yote, nikafuta mara nne, nikaituma ya tano. Nikaiondoa picha ya cherehani. Mwita akaandika kwamba yeye ndiye aliyeita ile simu, kwa hiyo kosa halina mwenyewe mmoja. Mtu mmoja alisema tunakuza mambo, huu ni mchezo tu, akatoka, na hatukumbembeleza. Tukakubaliana kwamba hakuna tena atakayelazimishwa kuongea, wala kuonyesha uso, wala kusema yeye ni nani.

Okeyo alikaa miezi mingi akicheza na mimi peke yangu. Nilishinda mara moja, akaniandikia, "Leo kete ya pembeni uliilinda." Kisha masika ya mwaka jana, bila kuniambia, akarudi kundini.  Alimwita Mwita kwenye mchezo, akampiga, na Mwita alifurahi kama aliyeshinda.

Kesho unakwenda chuoni Nakuru kulala chumba kimoja na watu watatu usiowajua. Mmoja atakuwa na maringo, mmoja atakuwa kimya mno, mmoja atakushinda katika kitu ulichodhani ni chako. Sijui utafanya nini, na sitakupa kanuni, maana kanuni nilikuwa nazo mimi na hazikunizuia. Nataka tu ujue kwamba ukikosea mtu, hata vibaya, njia ya kumwendea huwa ipo, na mara nyingi ina maji katikati, na ukifika utaambiwa usubiri. Subiri.

Kuna jambo moja hujalisikia kwa sababu ulikuwa shuleni. Jumamosi moja nilikuwa nashona kola, ujumbe wa sauti ukaingia kundini kutoka kwa Mizani, wa dakika moja na nusu. Niliinuka nikausikiliza nimesimama. Dakika moja na nusu, kwa pumzi zake zote na silabi zake zote, alisema: "Hamjambo nyote. Hapa Remba mvua imenyesha vizuri."

Basi.  Nafikiri kila mtu alikuwa akiusikiliza mpaka mwisho. Kisha Mwita akajibu kwa ile sauti yake nzito, "Huku Kegonga bado. Mawingu tu." Mtu wa Homa Bay akasema kwao imenyesha jana. Tarime wakasema inatishia kuanza. Mimi nikabonyeza pale pa kurekodi, safari hii kwa kukusudia, nikawaambia kwamba Migori kunanyesha hivi ninavyoongea, nikaisogeza simu dirishani wasikie mabati.

Nasikia lango. Umerudi mapema kuliko nilivyodhani, na umekuja na wenzako wawili, mnacheka jambo fulani. Naweka kalamu nikaongeze maji ya chai.

Mamako.